Jino lililokuwa linauma likiacha lenyewe, usishukuru mapema (uzi wa jinsi jino linavyooza mpaka shingo inavimba)

KoleoNaKioo #1

Wakuu habari za wiki. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka auhifadhi aje kuusoma usiku akitulia, ila naomba usiuache.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, niko kituo cha afya huku mikoani, mwaka wa 11 huu. Alhamisi iliyopita saa nne asubuhi nimeletewa kijana wa bodaboda, miaka 26, mtu mwenye nguvu zake kabisa. Amevimba chini ya kidevu upande wa huku mpaka huku, ukigusa pagumu kama ubao, mdomo haufunguki, ulimi umesukumwa juu, mate yanamtiririka kwa sababu kumeza hawezi, na amekaa ameinamia mbele maana akijaribu kulala pumzi inakata. Kuongea ndio kabisa. Nikampa simu yake aandike jino lilianza lini. Akaandika "liliuma sana mwezi wa 3 nikanywa dawa likapona".

Likapona. Hili neno nalisikia kila wiki na kila nikilisikia nanyong'onyea, kwa sababu jino lililotoboka mpaka ndani halijawahi kupona kwa kuacha kuuma. Tukampa dawa ya mshipa, gari likamkimbiza hospitali ya mkoa, na mkewe ananipa taarifa kwa simu, nitawaambia huko chini anaendeleaje. Sasa ngoja niwaeleze jino linaozaje tangu mwanzo, kwa sababu wengi wetu tunajua mwisho tu, tunajua maumivu na kung'oa, yale ya miaka miwili mitatu nyuma hatujaambiwa.

Asubuhi kabla hujapiga mswaki pitisha ulimi juu ya meno. Ule utelezi unaousikia sio mabaki ya chakula, ni bakteria, wamejenga utando, wako aina mamia kwa mamia. Ukiutoa kwa mswaki ndani ya masaa machache unaanza kujijenga upya, ni kawaida, tunaishi nao tangu utotoni na wengi wao hawana ubaya. Ubaya unaanza wakipata sukari mara kwa mara. Kuna mmoja anaitwa Streptococcus mutans, alielezwa mara ya kwanza na daktari Clarke kule Uingereza mwaka 1924 baada ya kumtoa kwenye meno yaliyooza. Huyu sukari anaifanyia kazi mbili, sehemu anaigeuza kuwa gundi ya kumshikiza kwenye jino, sehemu anaila na kutoa asidi. Na ile asidi inayowasumbua bakteria wenzake yeye anaivumilia vizuri tu, kwaiyo kadri kinywa kinavyokuwa na asidi ndivyo wa aina yake wanavyozidi na wale wasio na shida wanapungua.

Ile ganda ngumu nyeupe ya nje ya jino, enameli, ndio kitu kigumu kuliko vyote mwilini, zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake ni madini. Ila ugumu wake hauwezi asidi. Kipimo cha asidi kinaitwa pH, kikishuka ndio asidi imezidi. Kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini yanaanza kuyeyuka yanatoka. Ukinywa chai ya sukari, pH chini ya utando inashuka ndani ya dakika chache tu, halafu mate yanafanya kazi ya kuirudisha juu, yanachukua kama nusu saa mpaka saa nzima. Mate ndio mlinzi wenu mkuu, yana kalsiamu na fosfeti na yanairudishia enameli kile ilichopoteza. Kwaiyo kila siku mdomoni mwako kuna kutoa na kurudisha, kutoa na kurudisha. Jino linaoza pale kutoa kunapozidi kurudisha kwa miezi na miaka.

Ndio maana nawaambia watu kiasi cha sukari ni tatizo ila MARA NGAPI ni tatizo kubwa zaidi. Mtu anayekunywa chai yake ya sukari na chapati akamaliza, amelishambulia jino mara moja. Mtu anayeweka chupa ya soda pembeni ya kompyuta anapiga funda moja kila robo saa kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, huyo mate yake hayajapata nafasi hata mara moja siku nzima, na soda ni ileile moja!

Dalili ya kwanza haiumi. Ni doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, mara nyingi karibu na fizi au kwenye mifereji ya magego. Hapa enameli imepoteza madini kwa ndani ila juu haijabomoka, na hapa, hapa tu wakuu, jino linaweza kurudi lenyewe bila daktari kuchimba chochote. Punguza mara za sukari, piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, ukimaliza tema povu usisukutue na maji, iache ile floraidi ikae. Doa linaweza kusimama likawa gumu. Nakutana na madoa haya kwa watoto ninaowapima mashuleni, kwa mtu aliyekuja mwenyewe kituoni ni nadra mno, kwa sababu nani atapanda gari kuja kuniona kwa doa?

Ikibomoka lishakuwa tundu na mswaki haufiki tena. Chini ya enameli kuna dentini, laini zaidi, ina vijimirija vingi vinavyoelekea kwenye kiini. Uozo ukifika hapo unatanuka kwa pembeni, kama mchwa kwenye fremu ya mlango, rangi ya nje ipo inang'aa ndani kumebaki vumbi. Siku moja unatafuna hindi la kuchoma jino linabomoka nusu unasema limevunjwa na hindi.

Kipindi hiki unaanza kusikia maji baridi yanachoma, pipi inachoma, ukiacha inaacha. Hapa bado jino linazibika siku hiyohiyo unaenda nyumbani nalo. Ukichelewa, bakteria wanafika kwenye kiini chenye mshipa wa fahamu na damu. Sehemu nyingine ya mwili ikipata uvimbe inavimba kwa sababu ina pa kuvimbia. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kwenda, presha inapanda mle ndani ndio yale maumivu ya saa nane za usiku, yanakuja yenyewe bila kula kitu, ukilala yanazidi kwa sababu damu inaenda zaidi kichwani, unaishia kukaa kitandani umeshika shavu mpaka alfajiri.

Halafu siku ya tano, ya kumi, YANAACHA. Yameacha kwa sababu kiini kimekufa. Mshipa wa fahamu uliokuwa unapiga kelele haupo tena. Umenunua dawa dukani siku ya tatu, siku ya tano kimya, unaamini dawa imefanya kazi. Na wale bakteria sasa wana nyumba iliyokufa, damu haifiki, kinga ya mwili haifiki na dawa unayomeza haifiki vilevile kwa sababu dawa inasafiri kwa damu. Wanashuka kwa mzizi wanatokea kwenye mfupa, usaha unajikusanya taratibu. Inaweza kukaa wiki, miezi, hata miaka. Wengine wanaota kipele kwenye fizi kinatoa usaha wenye chumvichumvi kinafunga kinafunguka, wanakizoea.

Kwa magego ya chini ya nyuma ni hatari zaidi. Mizizi yake inashuka chini kuliko pale unapojishikiza ule msuli ulio sakafu ya kinywa, kwaiyo usaha ukitoboa kwa ndani hautokei mdomoni, unaingia chini ya taya kuelekea shingoni, na huko hakuna kitu cha kuuzuia. Daktari Mjerumani anaitwa Ludwig aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1836 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya antibayotiki zaidi ya nusu ya waliougua walikufa, na kinachoua haraka ni njia ya hewa kuziba. Ndio alichokuwa nacho kijana wangu.

Karibuni maswali, ya fizi sijayagusa nitayajibu yakija.

Mama_Mapacha #2

Dokta asante sana, nimesoma mpaka mkono unatetemeka. Mimi jino langu la chini kulia liliniuma mwaka jana nikiwa nanyonyesha likaacha, na hicho kipele unachosema ninacho, nilijua ni joto la mwili. Naweza kuwa sawa maana haliumi kabisa?

KoleoNaKioo #3

Dada yangu haliumi kwa sababu usaha una mlango wa kutokea, hicho kipele ndio mlango. Siku mlango ukiziba utajua. Nenda upigwe eksirei ya jino. Kama mzizi na mfupa bado viko vizuri jino linaweza kubaki, wanasafisha njia za mzizi kwa ndani wanazijaza na kuziba. Kama haiwezekani ling'olewe. Usikubali kupewa vidonge tu ukaambiwa rudi nyumbani.

Mjukuu wa Chifu #4

Mkuu nakuheshimu ila mbona sisi kwetu babu alikuwa anatoa mdudu wa jino na tunamuona kwa macho? Unafukizwa na mvuke wa dawa umejifunika shuka, mdomo wazi juu ya beseni, baadae anakuonyesha kwenye maji kidudu cheupe kimetoka. Mimi mwenyewe nimefukizwa nikiwa darasa la tano na nilipata nafuu usiku uleule.

KoleoNaKioo #5

Ndugu yangu nafuu uliipata kweli, sikatai, mvuke wa moto na baadhi ya mimea vinatuliza. Na hiyo imani ya mdudu sio ya babu yako peke yake, watu wa Babeli ya kale waliandika habari za mdudu wa jino kwenye vigae vya udongo maelfu ya miaka iliyopita, Ulaya nayo waliiamini mpaka juzijuzi. Mfaransa Pierre Fauchard, ndiye wanamwita baba wa udaktari wa meno, mwaka 1728 aliandika kwamba ametafuta huyo mdudu hakumuona. Kabla yake mwaka 1683 Mholanzi Leeuwenhoek alikwangua utando wa meno yake akauweka kwenye hadubini yake akaona viumbe vidogo vinacheza. Wazee walikuwa sahihi kwamba kuna kitu hai kinakula jino, isipokuwa ni kidogo mno jicho halikioni, kwaiyo kile cheupe kwenye beseni hakikutoka kwenye jino lako. Mara nyingi ni mbegu au kiini cha mbegu kilichopasuka kwa joto.

Aliyekuja kuunganisha yote ni Miller, Mmarekani aliyekuwa anafanya kazi Berlin, mwaka 1890 akaonyesha kwamba bakteria wanachachusha wanga na sukari, inatoka asidi, asidi ndio inayeyusha jino. Msingi wake ndio tunautumia mpaka leo.

Nikuulize, lile jino ulilofukizwa unalo?

Mjukuu wa Chifu #6

Sina. Lilikatikia kwenye fizi nikiwa form one, likang'olewa.

Bint Forodhani #7

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, hapa ubuyu wa kumumunya ndio chakula cha watoto, ule wa rangi wenye sukari na pilipili, mtoto anauweka shavuni anatembea nao kutwa. Nawe wasema mara ngapi ndio tatizo, basi ubuyu utakuwa mbaya kuliko halua ya mara moja ya sikukuu? Na je karafuu, sisi tukiumwa jino twatia karafuu na latulia, ni dawa au ndio linakufa?

KoleoNaKioo #8

Waalaykum salaam dada. Umeuliza vizuri mno na jibu lake lina historia chungu. Kule Uswidi, hospitali ya Vipeholm mjini Lund, kwenye miaka ya 1940 watafiti waliwapa wagonjwa wenye ulemavu wa akili sukari kwa njia mbalimbali wawaone meno. Hawakuombwa ridhaa, wengi wasingeweza hata kuitoa, na meno ya wengi yaliharibika kabisa, ni jambo baya walilofanyiwa wale watu na huwa naona vibaya kulitaja bila kusema hivyo. Kilichoonekana ni kwamba waliopewa sukari pamoja na mlo meno yao hayakuoza sana, waliopewa tofi za kunata katikati ya milo meno yalioza kwa kasi ya kutisha. Sasa ubuyu wa kumumunya una sukari, unanata, na wenyewe una uchachu wake yani asidi imeshakuja tayari kabla hata ya bakteria kufanya kazi. Halua kipande baada ya chakula ukanywa na kahawa chungu ni afadhali sana. Mtoto apewe ubuyu, siwezi kumnyima mtoto wa Unguja ubuyu, ila ale akimaliza amalize, anywe maji.

Karafuu ina mafuta yanaitwa yujenoli, yanatia ganzi kweli na hata sisi tumeyatumia miaka mingi kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda. Inakutuliza upate usingizi, tundu liko palepale. Kinachoniudhi ni wanaoweka aspirini juu ya fizi, inaunguza nyama inakuwa nyeupe inachunika, na kuna aliyekuja ameweka maji ya betri. Nilimwona kwa macho yangu. Jamani maji ya betri ni asidi!

Lameck_wa_Usa #9

Mkuu mimi natokea Arusha, meno yetu yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Nilipokuja Dar kwenye usaili wa kazi jamaa akaniuliza kama huwa napiga mswaki. Iliniuma sana. Hii nayo ni kuoza?

KoleoNaKioo #10

Pole sana ndugu, na huyo aliyekuuliza hakuwa na haki. Hapana sio kuoza wala sio uchafu. Maji ya ukanda wa bonde la ufa, Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na kuendelea, yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kuna visima huko vinazidi hicho kiwango mara nyingi. Mtoto akinywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya, yaani ile miaka ya mwanzo mpaka kama minane, enameli inajengeka na kasoro, jino linatoka na madoa. Na magadi tunayoweka kwenye maharage yanaongeza. Ngurdoto kuna kituo cha serikali wanatoa floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwaiyo floraidi kidogo juu ya jino inalinda, nyingi ya kumeza utotoni inaharibu, ndio maana mtoto chini ya miaka mitatu dawa ya meno ni kama punje ya mchele tu, mpaka sita kama punje ya njegere, na afundishwe kutema.

Mkubwa ukishakuwa na madoa mswaki hauyatoi, usijikwangue na majivu au mchanga unamaliza enameli. Madoa yanafunikwa na daktari wa meno kwa vifaa vya rangi ya jino.

Kassim wa Kongowea #11

Huku kwetu Mombasa kuna balaa la muguka, yale majani ya kutafuna aina ya miraa. Vijana watafuna kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane, na kwa vile ni chungu watafuna pamoja na bigijii na soda ama chai ya sukari tele. Kakangu ana miaka 31, meno ya mbele yamekwisha shingoni mwa jino, karibu na fizi. Yeye asema muguka wakausha tu mdomo.

KoleoNaKioo #12

Kaka yako amekupa jibu bila kujua. Kukausha mdomo ndio kumuondoa mlinzi. Mate yakipungua hakuna wa kurudisha madini, halafu juu yake bigijii ya sukari mchana mpaka usiku mfululizo. Na pale shingoni karibu na fizi enameli ni nyembamba, fizi ikishuka mzizi unabaki wazi, na mzizi hauna enameli kabisa, unaanza kuyeyuka hata kwa asidi dhaifu kuliko ile ya 5.5. Kama kuacha ameshindwa, bigijii iwe isiyo na sukari, soda ibadilishwe na maji. Najua ni hatua ndogo, lakini meno ya nyuma yanaweza kuokolewa.

Nyamwezi Halisi #13

Dokta mimi fizi zinatoa damu nikipiga mswaki, nikaacha kupiga sehemu hizo nisijichubue. Na kuna jamaa kaniambia nisikubali kusafishwa meno hospitali maana wakikwangua ule ugaga meno yanalegea, yeye yalilegea. Nina miaka 44 na sukari nimeambiwa ninayo tangu mwaka jana.

KoleoNaKioo #14

Mkuu hapa nakaa kidogo maana ugonjwa wa fizi ndio unaong'oa meno ya watu wazima bila hata tundu moja, na hauumi karibu mpaka mwisho.

Damu ni fizi inakuambia utando umekaa hapo. Ukiacha kupiga mswaki unaupa utando siku zaidi. Mwaka 1965 kule Aarhus, Denmark, Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima wakaacha kusafisha meno kwa hiari yao. Ndani ya siku 10 mpaka 21 WOTE fizi zikavimba. Wakarudi kupiga mswaki, kama wiki moja fizi zikarudi kawaida. Huo uvimbe wa mwanzo unarudi nyuma, kwaiyo piga palepale panapotoa damu, kwa mswaki laini, uinamishe kuelekea fizi, taratibu. Itatoa damu siku kadhaa halafu itapungua. Isipopungua ndani ya wiki mbili nenda.

Ukiuacha, utando unashika madini ya mate unakuwa jiwe, ndio ugaga. Unawahi nyuma ya meno ya mbele ya chini kwa sababu matundu ya tezi za mate yako pale. Ugaga mswaki hauutoi, na juu yake utando mpya unashika vizuri zaidi. Kinga yako inajaribu kuwaua bakteria walio chini ya fizi, vita inakuwa ya miaka, na silaha za mwili wako mwenyewe zinayeyusha mfupa ulioshika jino. Fizi inaachana na jino panakuwa na mfuko. Mfuko wa kawaida ni milimita 1 mpaka 3, mimi napima watu wana 7, wana 8. Mfupa ulioondoka haurudi kwa kupiga mswaki.

Huyo jamaa yako meno yalikuwa yameshalegea, ugaga ulikuwa umeyafunga pamoja kama saruji. Ulipotolewa akaona ukweli uliokuwepo.

Na sukari, tafadhali usilipuuze hili. Kisukari kisichodhibitiwa kinaharakisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye uvimbe mkubwa zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Mwambie daktari wa kisukari kwamba fizi zinatoa damu, mwambie wa meno kwamba una kisukari. Kama unavuta sigara nayo sema, mvutaji fizi zake hazitoi damu sana hivyo anadhani yuko salama kumbe mfupa unaisha kimyakimya.

Nyamwezi Halisi #15

Sivuti. Kesho naenda kliniki ya sukari nitawaambia. Asante dokta ubarikiwe.

Binti_Sayuni #16

Mama yangu anasema kila mimba jino moja, mtoto anachukua kalsiamu ya meno ya mama. Mimi nina mimba ya miezi mitano na fizi zimevimba.

KoleoNaKioo #17

Hongera dada. Mtoto hachukui chochote kwenye meno yako, madini ya jino hayarudi kwenye damu. Homoni za mimba zinafanya fizi ziwake kwa utando uleule ambao mwanzo haukuwa na shida, halafu kuna kutapika asubuhi, asidi ya tumbo, na kula kidogokidogo mara nyingi, na kuogopa mswaki kwa sababu unachefua. Ukitapika usipige mswaki palepale, sukutua na maji, subiri nusu saa. Kusafishwa meno na kuzibwa ukiwa na mimba inaruhusiwa, na miezi uliyonayo ndio mizuri.

Na ukijifungua, mtoto akipata homa na kuharisha, mtu akikwambia ana meno ya plastiki yatolewe, KATAA. Wanachokitoa kwa kisu au spoku ya baiskeli ni vichipukizi vya meno ya utotoni, vyeupe vilaini kwa sababu havijakomaa. Watoto wanapoteza damu wanapata maambukizi, na ile homa iliyokuwa inahitaji matibabu inabaki palepale.

Fundi Geji #18

Mzee naishi kijijini umeme wenyewe wa kubahatisha, kituo chetu kinang'oa tu hakizibi. Haya maziba ziba ni ya watu wa mjini.

KoleoNaKioo #19

Kaka malalamiko yako ni ya haki kabisa. Lakini nikwambie kitu. Katikati ya miaka ya 1980 hapahapa Tanzania, kwenye mpango wa chuo cha meno cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila umeme wala mashine, uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tundu linajazwa saruji maalum inayong'ang'ania jino na kutoa floraidi. Njia hiyo ilienda dunia nzima, na ilianzia vijijini kwetu kwa sababu ya hilohilo unalolisema. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaingiza saruji hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya fedha na floraidi unayopaka tu kwenye tundu, inalifanya jeusi ila inasimamisha uozo. Kwaiyo ukienda kituoni uliza "mnaziba kwa mkono?". Wakisema hawana vifaa, lifikishe kwenye kamati ya kituo. Mimi mwenyewe kwetu tulianza kuziba baada ya mwanakijiji kuuliza kwenye mkutano.

Mama_Mapacha #20

Dokta nimerudi. Nimepigwa eksirei jana, kuna usaha kwenye mzizi, wameanza kusafisha njia narudi wiki ijayo. Yule kijana wa bodaboda je? Na jambo moja, pacha mmoja ana miaka sita, nyuma kabisa ameota gego jipya bila jino lolote kung'oka na nikiangalia lina mstari mweusi. Bibi yao anasema ni la utotoni litatoka lenyewe.

KoleoNaKioo #21

Nimefurahi sana kusikia hivyo dada, maliza hizo ziara zote hata kama haliumi.

Kijana alifika hospitali akatobolewa shingo apate hewa, wakapasua chini ya kidevu pande mbili kutoa usaha, jino likang'olewa palepale. Siku nne ICU. Jana mkewe amenipigia, bomba la hewa limetolewa, ameomba uji. Ameongea na mimi maneno mawili, sauti bado inakwaruza.

Kuhusu pacha, bibi mpe shikamoo yangu ila hilo SIO la utotoni. Hilo ndio gego la miaka sita, linaota nyuma ya meno ya utotoni bila kusukuma lolote, ndio maana wazazi wengi hawajui limekuja, na ndilo ninaloling'oa kwa vijana kuliko jino lingine lolote. Linatakiwa limfikishe uzeeni. Linapoota enameli yake bado haijakomaa na mifereji yake ina kina kirefu, mswaki wa mtoto haufiki. Huo mstari unaweza kuwa rangi tu ya chakula au ndio mwanzo, kwa kuangalia simu sitakudanganya. Wewe mwenyewe mpigie mswaki usiku, simama nyuma yake aegemeze kichwa kifuani kwako ili uone mpaka nyuma. Na wiki ijayo ukienda kwa ajili ya mzizi wako nenda naye, na pacha mwenzie pia maana wameota pamoja. Wale chakula kwanza ndio waende, mtoto mwenye njaa hakai kwenye kile kiti.